Fidla, donati na roho ya saba

Mwanamuziki wa kwetu akinunua gari la kifahari leo, kesho kijiweni kesi imeshahukumiwa: kajiunga na Freemason, katoa kafara. Wazungu nao wana yao. Niccolò Paganini, Mwitaliano aliyepiga fidla hadi watu wakaapa kwamba shetani ndiye anayemshika mkono, alipofariki Nice mwaka 1840, Kanisa lilikataa asizikwe kwenye ardhi iliyobarikiwa. Mwili wake ulihangaishwa miaka na miaka, hadi makaburi ya Parma yakaupokea mwaka 1876.

Ryka Aoki, mwandishi na mwanamuziki wa Marekani, ameuchukua uvumi huo akauhamishia Los Angeles katika riwaya yake ya mwaka 2021, Light From Uncommon Stars. Shizuka Satomi, mwalimu wa fidla mwenye sifa za kutisha, ana deni kwa jehanamu: atoe roho saba, apone yeye. Sita ameshapeleka, zote za wanafunzi waliotamani umaarufu.

Ya saba anaiona kwa Katrina Nguyen, kijana aliyekimbia kipigo cha baba. Alizaliwa akaitwa mvulana. Mwenyewe anajijua kuwa msichana, na hilo ndilo lililomkosesha kwao. Hajasomea muziki popote. Hupiga nyimbo za michezo ya video kwa fidla ya bei chee na kuzirusha YouTube. Akikosa hela hujiuza, na mwandishi halipambi hilo wala halikimbii.

Hapa mfasiri wa Kiswahili angetoka jasho. Kiingereza kwa kawaida humtaka msemaji achague “he” au “she” anapomtaja mtu, na wanaomchukia Katrina humchoma kwa kineno hichohicho. Sisi tuna “yeye” tu. Tusi hilo lingepotea njiani, ingebidi lirudishwe kwa “kaka” na “bwana we”. Bila kukusudia, sarufi yetu ingempa Katrina pumziko ambalo kitabu kizima analitafuta.

Mara riwaya inaleta donati. Lan Tran ni nahodha wa chombo cha anga aliyekimbia vita vya nyota za mbali pamoja na watoto wake, akajificha kwenye duka lenye donati kubwa juu ya paa. Utani? Ted Ngoy alifika California mwaka 1975 akiwa mkimbizi kutoka Kambodia, akajifunza kazi ya donati, akafungua duka baada ya duka na kuwavuta wenzake. Mpaka leo ukiingia kwenye duka dogo la donati kusini mwa jimbo hilo, usishangae mwenye nalo akiwa Mkambodia. Aoki amemchukua mkimbizi huyohuyo, akamtoa mbali zaidi.

Hata muziki aliouchagua ni wa mkimbizi. Béla Bartók aliikimbia Hungaria wakati wa vita, na mwaka 1944, mgonjwa na mbali na kwao, akaandika sonata ya fidla moja isiyosindikizwa na chombo kingine. Katrina anapopambana nayo, ndipo riwaya inapofika kileleni.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Vita vya angani vimeelezwa juujuu, na shetani na mashine za kunakili donati wakati mwingine hugombania ukurasa mmoja. Hayo hayakuizuia kuingia fainali ya Tuzo ya Hugo mwaka 2022.

Kijiweni huwa tunauliza: roho yake kaiuza kwa bei gani? Aoki anauliza nani aliishusha bei. Mtoto aliyekimbia nyumbani shetani hana haja ya kumwahidi jumba la kifahari. Chakula cha moto, chumba chenye mlango unaofungwa na mtu wa kumwita kwa jina lake vinatosha. Shizuka anampa vyote hivyo kwa hila, kama mtu anayenenepesha mbuzi wa kuchinja, na taratibu hila inamgeukia.

Yumo pia Lucy Matía, fundi wa fidla katika ukoo ambao ufundi ulirithishwa wanaume tu. Mafundi kama yeye wanakijua kijiti kimoja ndani ya fidla, kimesimama karibu na guu la daraja la nyuzi, chembamba kama kalamu. Ukikitoa, sauti inakufa. Wafaransa wanakiita âme, yaani roho. Hakina gundi wala msumari. Ubao wa juu unakibana, wa chini unakipokea, na kwa mbano huo tu kinasimama.