Meli Inayopima Mawimbi Yanayoiyumbisha

Ugumu mkuu wa kupima mawimbi katika bahari kuu ni kukosekana kwa mahali palipotulia pa kuwekea kipimo, kwa kuwa meli huinuliwa na kushushwa na wimbi lilelile linalotakiwa kupimwa, tena huenda mrama kwa kulalia ubavu huu na ule, huku omo ikizama na tezi ikiinuka kwa zamu. Baharia aliye sitahani huweza kukadiria kimo cha wimbi kwa macho, lakini sitaha iliyoinama humpotosha, ndiyo maana habari za mawimbi makubwa kupita kiasi zilipokewa kwa mashaka kwa muda mrefu.

Mwaka 1952 mtaalamu wa Uingereza, M. J. Tucker, alieleza chombo kilichotatua ugumu huo kwa kuupima pia mwendo wa meli yenyewe. Katika kila ubavu, chini ya usawa wa maji, hufungwa vihisi viwili. Cha kwanza ni akselerometa, ambayo hupima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyozidi au kupungua kasi, na kutokana na mchapuko huo hukokotolewa umbali ambao sehemu hiyo ya meli imepanda au kushuka. Cha pili hupima kanieneo, yaani mgandamizo wa maji, ambao huongezeka kadiri maji yaliyo juu ya kihisi yanavyoongezeka. Mawimbi marefu huibeba meli nzima, hivyo hutambuliwa zaidi na kihisi cha kwanza, ilhali mafupi hupita ubavuni bila kuiinua, nayo hutambuliwa na cha pili. Vipimo hivyo hujumlishwa, kisha huchukuliwa wastani wa pande mbili, ili athari ya mrama ijifute, maana ubavu mmoja unapozama, wa pili huinuka.

Thamani ya chombo hicho ilidhihirika Februari 2000, meli ya utafiti ya Uingereza, Discovery, ilipokumbwa na dhoruba karibu na Rockall, magharibi ya Uskoti. Wimbi kubwa kuliko yote lilifikia mita 29.1 kutoka bondeni hadi kileleni, na wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, ambao ndio kipimo kinachotumiwa na wataalamu kueleza hali ya bahari, ulifikia mita 18.5. Programu ya kompyuta iliyotumiwa baadaye kukokotoa hali ya siku hizo ilionyesha vyema wakati wa kufika kwa mawimbi hayo, lakini ilikadiria yale makubwa kabisa kuwa madogo kuliko yalivyokuwa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu wasanifu wa meli hupanga uimara wa chombo kwa kuzingatia mawimbi wanayoyatarajia, na makadirio yakipungua, wanaohatarishwa ni mabaharia. Kwa hiyo hesabu za kompyuta, hata zikiboreshwa namna gani, zitaendelea kuhitaji kusahihishwa na vipimo vilivyochukuliwa baharini, hasa wakati wa dhoruba.