Gari-nyumba barabarani: Mwendo hula mafuta kuliko mzigo

DEREVA anayeondoka Gungu, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwenda Tabora akiwa na gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, kwa kawaida huanza safari kwa kupunguza mzigo. Huacha viti, hushusha madumu ya maji, kisha huingia barabarani na kukanyaga mafuta hadi mshale ufike kilomita 100 kwa saa. Afikapo Tabora hushangaa tangi limekwisha kabla ya hesabu yake.

Kosa haliko kwenye viti alivyoviacha, bali kwenye mshale wa mwendo.

Magari ya aina hiyo, yaani magari-nyumba, yamezoeleka katika miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, ambako wageni hupita wakielekea Gombe na Mahale au wakizunguka nchi za Maziwa Makuu. Baadhi hutengenezwa Ulaya yakiwa kamili. Mengine ni mabasi madogo, Land Rover na malori yaliyogeuzwa na mafundi. Yote yana sifa moja: ni mazito, ni marefu kwenda juu, na yana umbo la sanduku. Sifa hiyo ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta kitakachotumika.

Bei haiko mikononi mwa dereva

Bei kikomo za mafuta nchini hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Katika kukokotoa bei ya kila mji, gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini huongezwa. Kwa sababu hiyo miji iliyo mbali na bahari, ukiwamo Kigoma, hulipa zaidi kwa lita kuliko Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa njia ya reli mji huo uko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Umbali huo hauna njia ya mkato.

Dereva hawezi kubadili bei hiyo. Anachoweza kubadili ni lita ngapi atanunua, na sehemu kubwa ya uamuzi huo iko chini ya mguu wake wa kulia.

Upepo ndio mlaji mkubwa

Injini ya gari linalokwenda kwenye barabara tambarare hupambana na vitu viwili vikubwa: msuguano wa matairi na upinzani wa hewa. Msuguano wa matairi hubadilika kidogo tu mwendo unapoongezeka. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake mwendo ukizidishwa mara mbili, upinzani huo huzidi mara nne. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, mwendo huongezeka kwa asilimia 25, lakini upinzani wa hewa hupanda kwa asilimia 56.

Gari dogo la abiria hupenya hewa kwa urahisi kiasi. Gari-nyumba lenye uso wa meta za mraba zipatazo saba husukuma hewa kama ukuta unaotembea.

Makadirio ya kiufundi kwa gari la dizeli la umbo hilo, lenye uzito wa tani 3.5 na likiwa kwenye lami tambarare, hutoa picha hii: kwa kilomita 60 kwa saa litatumia takribani lita 9 kwa kila kilomita 100, kwa kilomita 80, lita 13, na kwa kilomita 100, lita 17 na nusu. Magari hutofautiana kwa injini, umri na umbo, lakini mpangilio wa takwimu hizo haubadiliki.

Kutoka Gungu hadi Tabora ni takribani kilomita 400. Kwa mwendo wa 80 gari hilo litahitaji lita 52, na kwa mwendo wa 100 litahitaji lita 70. Tofauti ni lita 18. Lita moja ikiwa sh 3,000, dereva atakuwa amelipa sh 54,000 ili kuokoa saa moja, nayo saa hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Vijiji, matuta, mifugo na vizuizi vya ukaguzi huila kabla hajafika Tabora.

Sheria nayo inaelekea upande huohuo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi tani 3.5. Magari-nyumba mengi, yakishajazwa maji, chakula na vifaa, huvuka uzito huo. Anayefuata sheria huokoa mafuta bila kukusudia.

Mzigo una mahali pake

Haina maana kwamba uzito si kitu. Kwenye lami tambarare, kila kilo 100 za ziada huongeza takribani sehemu moja ya kumi ya lita kwa kilomita 100. Tangi la maji la lita 100 lililojaa ni kilo 100. Kulijaza nusu pale ambapo maji yanapatikana njiani ni busara, ingawa faida yake ni ndogo kuliko ya kupunguza mwendo.

Hesabu hubadilika kwenye mlima, mchanga na tope. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takribani meta 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko kwenye nyanda zenye kimo cha zaidi ya meta 1,200. Kupandisha tani 3.5 kwa meta 500 huhitaji takribani lita moja na nusu ya dizeli, mbali na ile ya kusukuma gari mbele. Wakati wa masika, barabara za udongo zinapolainika, matairi huzama na kila kilo hulipiwa mara kadhaa.

Kuna mzigo mmoja unaodhuru kwa namna mbili, nao ni ule wa juu ya paa. Masanduku, baiskeli na madumu yaliyofungwa kwenye keria huongeza uzito na pia hukamata upepo. Vitu hivyo vikiingizwa ndani au kufungwa nyuma ya gari, upepo hupita. Gari nalo huwa tulivu zaidi kwenye kona, kwa kuwa uzito umeshuka chini.

Matuta na mguu mwepesi

Gari la tani 3.5 linalokwenda kilomita 80 kwa saa limebeba nguvu iliyogharimu takribani mililita 80 za dizeli, zaidi ya robo ya chupa ya soda. Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu mbele ya tuta, nguvu hiyo yote hugeuka kuwa joto la breki na kupotea. Akivuka tuta hulazimika kuinunua upya. Vijiji 20 vyenye matuta vinaweza kumeza zaidi ya lita moja na nusu kwa njia hiyo.

Tiba ni kutazama mbali. Dereva anayeona kibao cha tuta au kundi la ng'ombe mbele yake huondoa mguu kwenye mafuta mapema na kuliacha gari lipungue lenyewe likiwa kwenye gia. Afikapo kwenye tuta hahitaji breki kali. Katika kuondoka, huongeza mwendo taratibu na kupandisha gia mapema, bila kuiacha injini ipige kelele.

Kuondoa gia mteremkoni ni hatari

Ipo tabia ya kuondoa gia kwenye mteremko, au hata kuzima injini kabisa, kwa imani kwamba mafuta yanaokolewa. Kwa injini nyingi za kisasa imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Gari likiteremka ndani ya gia huku mguu ukiwa nje ya mafuta, mfumo wa kupulizia mafuta hufunga, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa nje ya gia, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike.

Hasara kubwa zaidi ni ya uhai. Gari lililo nje ya gia halina breki ya injini, hivyo breki za magurudumu hubeba uzito wote peke yake. Zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na kwa gari zito la umbo refu hapo ndipo ajali huanzia. Injini ikizimwa, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani huwa mgumu. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori ingali sahihi: teremka kwa gia ambayo ungepandia.

Matairi, kiyoyozi na injini inayonguruma bure

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi na kuvuta gari nyuma. Pia hupata joto, na tairi lenye joto chini ya gari zito huweza kupasuka. Upepo upimwe asubuhi, kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi. Dereva aliyepunguza upepo ili kupita kwenye mchanga hana budi kuurudisha mara tu anapofika kwenye lami.

Injini ya dizeli inayonguruma gari likiwa limesimama huweza kutumia lita nzima kwa saa. Wasafiri wengine huiacha iwake kambini ili kuchaji betri ya taa na jokofu. Kipande cha sola juu ya paa hufanya kazi hiyo bila mafuta, na jua la Kigoma wakati wa kiangazi linatosha.

Kiyoyozi nacho hula mafuta. Katika mwendo mdogo wa mjini, kufungua madirisha ni nafuu. Barabarani, madirisha yaliyo wazi huongeza upinzani wa hewa na kupunguza faida hiyo. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za udongo hudhoofisha injini, hivyo likaguliwe mara kwa mara.

Kupima badala ya kukisia

Dereva asiyepima hawezi kujua kama ameokoa. Njia ni rahisi: jaza tangi hadi pampu ijikate, andika kilomita zilizosomeka, safiri, kisha jaza tena hadi pampu ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Gari lililokwenda kilomita 400 na kujazwa lita 52 limetembea kilomita 7.7 kwa lita. Kipimo kikishuka ghafla bila sababu ya barabara au mwendo, fundi atafutwe, kwani huenda breki inabana au pua za kupulizia mafuta zimechoka.

Kipimo hicho pia humwambia dereva ni wapi ajaze. Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi, lililozinduliwa mwaka 2015, limerahisisha safari ya Kigoma na Tabora kupitia Uvinza. Hata hivyo, bado ni vyema kujaza tangi kabla ya vipande virefu visivyo na miji, badala ya kutegemea mafuta ya vidumu vya kando ya njia, ambayo ubora wake hauthibitishwi na mtu.

Anayelazimika kubeba akiba atumie dumu la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo, likiwa nje ya gari na limefungwa imara. Ndani ya gari-nyumba kuna jiko la gesi na watu waliolala. Mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche moja, na fedha zilizookolewa kwa kununua mafuta mengi mahali yalipo nafuu hazitakuwa na maana tena.

Kwa anayeondoka Gungu kesho asubuhi, mambo ya kuanza nayo ni matatu: apime upepo wa matairi kabla jua halijawa kali, ashushe mzigo wa paani, na mshale usivuke 80. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogharimu shilingi.