Pani ya Chapati Ikigeuka Buluu: Ununue Ipi, Uache Ipi

Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaouza pani za chuma wameyazoea malalamiko haya. Mteja amenunua pani ya kijivu, safi, inayong'aa. Ameibandika kwenye jiko la makaa huko Kayole au Umoja, na kabla chapati ya kwanza haijaiva katikati pameingia rangi ya njano, kisha zambarau, kisha buluu. Anairudisha akidai ameuziwa chuma kibovu au kilichopakwa dawa.

Pani ile ni nzima. Hofu ya rangi ndiyo inayowafanya wengi wa Eastlands waache chombo cha kudumu miaka na kulipa zaidi kwa pani nyeusi laini ya dukani ambayo makaa yataiua mapema.

Chuma kikipata moto, uso wake hushikana na hewa na kutengeneza utando mwembamba mno wa oksidi. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana, na rangi tunayoiona hutegemea unene wa utando, kama rangi za petroli iliyomwagika kwenye maji ya barabarani. Kwenye nyuzi 220 za Selsiasi hivi, chuma huwa njano ya majani makavu. Kikikaribia 255 huwa kahawia, 280 zambarau, 300 buluu, na kikizidi hapo hurudi kijivu. Kwa hiyo pani yenye buluu katikati na njano pembeni inakueleza tu makaa yako yamekaa wapi. Ukiendelea kupika, utando huongezeka, mafuta nayo huungua na kugandamana juu yake, na baada ya muda pani yote inakuwa nyeusi. Huo weusi ndio unaozuia chapati isishike.

Baadhi ya bunduki za askari pia zina rangi ya undugu huo. Kiwandani chuma chake huchemshwa kwenye kostiki soda na chumvi, kwenye nyuzi 140 hivi, hadi kipate ngozi ya oksidi nyeusi yenye ubuluu. Ngozi hiyo ni nyembamba. Jasho la mkono na msuguano huila, kingo zikabaki nyeupe, na mahali pasipopakwa mafuta hugeuka kahawia. Kahawia hiyo ni kutu, na kwenye pani pia kutu ndiyo rangi ya kuogopa: nyekundu ya udongo inayoacha unga kidoleni. Buluu haiachi chochote kidoleni.

Sasa twende sokoni.

Pani ya chuma cha kawaida inunue kwa uzito, mng'ao wake usikudanganye. Mafundi hutaja unene kwa geji, na namba ikiwa kubwa chuma ni chembamba: geji 14 ni karibu milimita 2, geji 18 karibu milimita 1.2. Duara la sentimita 28 lenye unene wa milimita 2 lina karibu kilo moja kabla ya kuchomelewa mkono. Likiwa la milimita 3, linakaribia kilo moja na nusu. Mwombe muuza viazi wa jirani akupimie kwenye mizani yake. Ukiambiwa ni geji 14 na pani ya ukubwa huo, pamoja na mkono wake, haifiki hata robo tatu ya kilo, umeambiwa uongo. Nyingi nyepesi hukatwa kutoka kwenye madramu ya zamani, chuma cha karibu milimita moja. Hizo hujipinda kwenye moto, katikati panafura, mafuta yanakimbilia pembeni na chapati inaungua mahali pamoja. Isitoshe, dramu lilibeba kitu na lilipakwa rangi. Kama ndiyo unayoimudu, hakikisha pande zote mbili zimesuguliwa hadi chuma kitupu.

Usikubali kabisa pani ya bati lililopakwa zinki. Sumaku haitakusaidia kuitambua kwa sababu ndani bado ni chuma. Angalia yale maua maua ya kijivu kwenye uso wake. Ikipata moto mkali zinki huacha unga wa njano ukiwa moto, unaokuwa mweupe ukipoa. Hii ndiyo rangi moja inayostahili kurudishiwa fundi siku hiyo hiyo.

Zile laini zisizogandisha, maarufu kama nonstiki, ni nzuri kwa mayai na kwa gesi ya moto mdogo. Watengenezaji wengi hushauri zisipite nyuzi 260 hivi. Chapati inataka moto unaokaribia hapo, na pani tupu juu ya makaa yanayowaka hupita kiwango hicho kwa dakika chache. Utando ukianza kubanduka hakuna fundi wa kuurudisha.

Chuma cha kumimina ni kizito, hushika joto vizuri, na kwa mama anayepikia wateja asubuhi nzima ni kazi safi. Kwa mtu wa chumba kimoja anayepika chapati sita Jumapili kwa mtungi wa kilo 6, gesi nyingi inaishia kupasha chombo. Kikianguka kwenye sakafu ya simiti kinaweza kupasuka.

Alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu ni rahisi, lakini mimi singeipikia watoto. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya sufuria za namna hiyo kutoka Cameroon: zilipochemshwa na kimiminika chenye asidi kama ya chakula, zilitoa madini ya risasi. Utafiti mwingine wa 2017 ulipima vyombo vya nchi 10, Kenya ikiwemo, na baadhi vilionyesha tatizo hilo hilo.

Piga hesabu kwa bei utakayotajiwa. Tuseme pani nzito ya chuma ni shilingi 900 na nonstiki ni 1,500. Nonstiki ikikaa kwenye makaa miezi kumi na minane, ndani ya miaka sita utakuwa umenunua nne, shilingi 6,000. Ile ya chuma bado ni 900, pamoja na mafuta kidogo na brashi ya waya.

Maana hata ikishika kutu haijafa. Isugue kwa brashi au msasa, ioshe, ikaushe juu ya moto, paka mafuta ya kupikia kwa kitambaa hadi uone karibu hayapo, iache itoe moshi, kisha rudia mara tatu nne. Usiilaze na maji usiku, na usipikie nyanya, ndimu wala ukwaju ndani yake: asidi huula ule weusi na kuirudisha kijivu. Ikitokea, ipake mafuta tena na uichome upya.

Na kabla hujalipa, kwaruza upande wa chini kwa ufunguo. Kuna wauzaji wanaopaka rangi nyeusi ili pani ionekane imeshazoea moto. Rangi hubanduka vipande. Omba isiyopakwa, hata kama ina madoa ya buluu ya kuchomelea pale mkono ulipoungwa.