Makaa ya Vifuu na Pumba Katika Kuyasafisha Maji ya Rangi

Katika mji wa Tiruppur, kusini mwa India, ambako fulana za pamba zinazovaliwa katika nchi nyingi hufumwa na kutiwa rangi, maji yaliyotoka viwandani yaliufisidi mto Noyyal kwa miaka mingi, hata wakulima waliokuwa wakimwagilia mashamba yao kwa maji hayo wakaenda kushtaki. Na mwezi wa Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru vifungwe viwanda vya kupausha na kutia rangi, vipatavyo 700, maadamu havijaweza kuyazuia majitaka yasitoke nje.

Taabu ya rangi hizi ni kuwa ziliundwa kwa muradi wa kudumu. Rangi isiyochujuka kwa jua wala kwa sabuni haiwi chakula chepesi cha vijidudu vinavyosafisha majitaka mabwawani, na ile sehemu isiyoshika uzi, ambayo aghalabu si haba, hushuka mtoni ikaizuia nuru isiifikie mimea ya majini.

Dawa iliyozoeleka ni makaa ya vifuu vya nazi, ambayo vitundu vyake huinasa rangi. Illa makaa hayo hayaiangamizi, huihamisha tu, na yakisha kushiba huwa yenyewe ni taka ya kutafutiwa pa kutupwa. Ndiyo sababu wataalamu wa kemia wakageukia kuyafanya makaa kuwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mageuzi pasipo chenyewe kuliwa. Pumba za mpunga, vifuu, maganda ya ndizi au machicha ya kahawa hurowekwa katika maji yenye chumvi ya chuma, kisha huchomwa katika tanuri lililozibwa hewa, aghalabu kwa joto la baina ya nyuzi 400 na 700 za Selsiasi, hata chuma kikashikamana na kuta za vitundu. Makaa hayo yanapotiwa katika maji ya rangi pamoja na haidrojeni peroksaidi, chuma huipasua peroksaidi na kutoa haidroksili kali, ambazo uhai wake ni mfupi mno kuliko kupepesa jicho, nazo huzirarua molekuli za rangi kipande kwa kipande.

Asili ya elimu hii ya chuma na peroksaidi ni kazi ya mwanakemia Mwingereza H. J. H. Fenton, iliyochapishwa mwaka 1894. Lakini njia yake ya kale, ya chuma kilichoyeyuka majini, hutaka maji yawe na asidi nyingi, na huacha tope la kutu, ilhali chuma kilichoshikwa na makaa chaweza kuopolewa, pengine hata kwa sumaku, kikatumika tena.

Hata hivyo, maji kuwa maangavu si dalili kwamba yametakasika, kwa kuwa rangi za jamii ya azo zikivunjwa nusunusu hupoteza rangi na kuacha kemikali ziitwazo amini, ambazo baadhi yake huleta saratani. Fauka ya hayo, majaribio mengi hufanywa kwa maji safi yaliyotiwa rangi moja, ilhali mifereji ya viwanda ina chumvi, sabuni na wanga, vitu vinavyoidhoofisha kazi yote. Basi nawasihi wataalamu wetu wa pwani, ambako vifuu na kumbi hazitafutwi mbali, wakijaribie kichocheo hiki katika majitaka halisi ya viwanda, na wapime kilichosalia majini baada ya rangi kutoweka.