Pima Katoni Kabla ya Kuuliza Bei

Anayeagiza mzigo Guangzhou kuja Dar es Salaam huanza na swali moja: kilo bei gani? Swali hilo ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu ndege haiuzi kilo tu, inauza na nafasi.

Chukua katoni ya midoli ya manyoya yenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 50. Kwenye mizani ina kilo 8. Kwa ndege, vipimo hivyo vitatu huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 6,000, na jibu ni 25. Utalipia kilo 25, maana kati ya uzito wa mizani na uzito wa ujazo hutozwa ule mkubwa. Kampuni za vifurushi vya haraka kwa kawaida hugawanya kwa 5,000, na katoni ileile inakuwa kilo 30. Hujaibiwa, umesafirisha hewa. Midoli ikibanwa kwenye mifuko ya kufyonza hewa na kimo kikashuka hadi 25, utalipia kilo 12.5. Ndiyo maana vipimo vya katoni iliyokwisha kufungwa viombwe kiwandani kabla hujatuma hela.

Melini hesabu inageuka. Mzigo wa kuchanganya, ule unaoingia kontena moja na mizigo ya wengine, hutozwa kwa mita ya ujazo, yaani CBM, isipokuwa uzito ukizidi tani moja kwa kila mita. Kwa hiyo vitasa, koki za maji na spea za pikipiki, vitu vizito visivyokula nafasi, ndivyo vinavyofaidi bahari zaidi. Ndege iachie skrini za simu, nywele za bandia na kile kifaa kimoja ambacho bila hicho mashine imelala: thamani kubwa kwenye kilo chache.

Si kila kitu kinapanda ndege, lakini. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, pawabenki zikiwemo, haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Wakala anayekwambia atazichomeka katikati ya nguo anakutafutia kesi, na moto juu yake.

Halafu kuna kodi, ambayo wachache huihesabu mapema. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, nauli ya meli huongezwa kwenye thamani inayotozwa ushuru, ila nauli ya ndege haiongezwi. Kwa hiyo pengo la gharama kati ya njia hizi mbili ni dogo kuliko linavyoonekana. Wakala akikutajia bei moja "kila kitu ndani", mwambie akuchambulie, nauli kando na kodi kando.

Meli inataka subira ya mwezi na zaidi, na Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia viwanda hufungwa, mzigo ukalala hukohuko.

Mzigo wako ukifika CBM 15 hivi, omba na bei ya kontena zima la futi 20. Ujazo wake ni kama CBM 33, ingawa katoni hujaa vizuri kwenye 28 tu. Ila kontena likiwa lako, kuchelewa kulitoa bandarini au kulirudisha tupu ni kwako pia, na tozo zake huhesabiwa kwa siku.