Dakika 48 za Kujizuia: Tafakuri ya Wajaini wa Mji wa Kale

Mji wa Kale wa Mombasa hujulikana zaidi kwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwa misikiti yake mikongwe, ukiwemo Msikiti wa Mandhry ambao husemekana uliasisiwa mwaka 1570. Lakini katika Barabara ya Langoni, ndani ya mji huohuo, limesimama pia hekalu lililojengwa mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilijipatia uhuru. Hekalu hilo ni la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya Bara Hindi ambayo wakazi wengi wa Pwani huichanganya na Uhindu, kwa kuwa wafuasi wa dini zote mbili huitwa Mabaniani bila kubaguliwa. Watalii huelekezwa pale kwa ajili ya nakshi za kuta na dari, na hakika nakshi hizo zinastahili kutazamwa, ila jambo kubwa zaidi linaloihusu jumuiya ile si jengo, bali ni nidhamu ya kukaa kimya na kujizuia ambayo watu wa kawaida, wenye maduka, watoto na madeni, wameitunza kisiwani kwa vizazi kadhaa bila ya kuwa na watawa wa kudumu wa kuwasimamia.

Ujaini ulikua sambamba na Ubudha katika bonde la mto Ganges, kaskazini mashariki mwa India. Mahavira, ambaye kwa mapokeo ya Wajaini alizaliwa mwaka 599 kabla ya Kristo karibu na mji wa Vaishali, katika jimbo linaloitwa leo Bihar, huhesabiwa kuwa aliishi zama moja na Buddha, na maandiko ya kale ya Wabudha humtaja kwa jina la Nigantha Nataputta kama mwalimu waliyeshindana naye kwa hoja. Wote wawili walitoka katika koo za watawala, wakaacha mali na jamaa, wakazunguka nchi wakitafakari, na wote wawili walifundisha kwamba binadamu hukombolewa na juhudi yake mwenyewe ya kuitawala nafsi. Walichotofautiana ni kiasi cha ukali, kwani Buddha alihimiza njia ya katikati baina ya anasa na kujitesa, ilhali Mahavira aliona kwamba kufunga na kuvumilia taabu za mwili ndiko kunakoyachoma makosa ya zamani. Ubudha nao una vituo vyake Afrika Mashariki, kama vile hekalu la Upanga jijini Dar es Salaam, ambalo asili yake ni Wasinhala waliofika kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, hata hivyo, mapokeo ya tafakuri yaliyotoka katika nchi ile na zama zile ni ya Wajaini.

Wajaini hawamhesabu Mahavira kuwa mwasisi wa dini yao, bali ni wa mwisho katika mfululizo wa walimu 24 waitwao Tirthankara, yaani wale wanaowatengenezea wengine kivuko cha kuvukia mto wa kuzaliwa na kufa. Hawaamini kwamba yupo Mungu muumba anayetoa thawabu na adhabu, na hapo ndipo wanapoachana kabisa na jirani zao Waislamu na Wakristo. Kwao kila kiumbe kina roho, si binadamu na mnyama tu, bali pia mdudu, mmea, maji, moto, hewa na udongo, na roho zote kwa asili yake ni safi na zenye ujuzi usio na mpaka. Kinachozifunika ni karma, ambayo katika mafundisho haya ni chembe laini mno zinazoganda juu ya roho kila mtu anapotenda, anaposema au anapowaza kwa hasira, kiburi, hila au tamaa. Kutokana na itikadi hiyo huja nguzo yao kuu iitwayo ahimsa, yaani kutodhuru chochote chenye uhai, pamoja na viapo vingine vinne: kusema kweli, kutochukua kisichotolewa, kujizuia katika matamanio ya mwili na kutojilimbikizia mali.

Wajaini walio wengi nchini Kenya ni wa jamii ya Oshwal, ambao mababu zao walikuwa wakulima katika vijiji vya Halar, kandokando ya mji wa Jamnagar huko Gujarat. Wa kwanza wao walifika Mombasa mwaka 1899, mwaka ambao reli iliyoanzia kisiwani ilifika Nairobi na ambao ukame uliozaa njaa kubwa ulianza kuikumba Gujarat. Vibarua wa reli waliandikwa kwa mkataba, wengi wao kutoka Punjab, lakini vijana hawa wa Halar walikuja kwa kujitegemea, wakafanya kazi katika maduka ya wengine, kisha wakafungua ya kwao. Ila walikuja peke yao kwa maana nyingine pia, kwa sababu mtawa wa Kijaini huapa kutembea kwa miguu, tena bila viatu, na kutopanda gari, meli wala ndege, kwa kuchelea kuua viumbe asivyoviona. Bahari ya Hindi, iliyowaleta wafanyabiashara na vitambaa vyao, iliwazuia walimu wao, na jumuiya iliyozoea kufundishwa na watawa waliopita vijijini ikajikuta haina mtu wa kuisomea wala kuisahihisha.

Hapo ndipo umuhimu wa samayika unapoonekana. Samayika ni ibada ya utulivu ambayo ndani yake mtu asiye mtawa hukusudia kuishi kama mtawa kwa muda wa dakika 48. Kipimo hicho hakikuokotwa, kwani wataalamu wa kale wa India waliigawa siku moja, usiku na mchana, katika sehemu 30, na kila sehemu ikawa na dakika 48 kwa hesabu ya saa za leo. Anayekusudia ibada hii huvaa nguo nyeupe safi, hutandika mkeka mdogo wa sufu, kisha hupangusa mahali pa kukaa kwa charavalo, ambayo ni fagio dogo la nyuzi laini za sufu lenye mpini wa mti, ili asimkalie mdudu yeyote. Mkononi hushika muhapati, kitambaa cheupe kilichokunjwa ambacho hukiweka mbele ya kinywa kila anaposoma kwa sauti, kusudi pumzi na mate yake visidhuru viumbe vya hewani. Akishatamka kiapo, hana ruhusa ya kupika, kuhesabu fedha, kuzungumza habari za duka wala kuinuka bila sababu mpaka muda utimie. Na kwa anayeshikilia sana, hata pangaboi halizungushwi, jambo ambalo katika joto la Mombasa la mwezi wa Machi ni mtihani wa kweli wa subira. Mafundisho huorodhesha kasoro 32 zinazoweza kuiharibu samayika, 10 za moyo, 10 za ulimi na 12 za mwili, kuanzia kuitafuta sifa kwa ibada mpaka kuegemea ukuta.

Ndani ya muda huo mtu huweza kusoma maandiko, kuvuta uradi au kutafakari. Uradi ulio mashuhuri kuliko yote ni Navkara, ambao hauombi kitu chochote, wala haumtaji mtu hata mmoja kwa jina, bali hutoa heshima kwa madaraja matano ya watu waliotakasika: walioshinda nafsi zao, waliokwisha kukombolewa, viongozi wa watawa, walimu na watawa wote duniani. Husomwa kwa kuhesabu shanga 108, sawa na jumla ya sifa zinazohesabiwa katika madaraja hayo matano, na yeyote aliyezoea kuvuta tasbihi atautambua mwendo wa vidole ingawa itikadi ni nyingine. Tafakuri yenyewe iitwayo kausaga, yaani kuuacha mwili, hufanywa kwa kusimama wima mikono ikining'inia, au kwa kukaa, huku mtu akiuzuia mwili usijitikise na kuyaangalia maumivu, kuwasha na usingizi vikija na kuondoka kana kwamba ni vya mtu mwingine. Lengo si kujiburudisha wala kupunguza uchovu wa kazi, kama tafakuri inavyotangazwa siku hizi katika miji mikubwa ya dunia. Lengo ni kuzuia chembe mpya za karma zisiingie na kuzipukutisha zile za zamani, na tofauti hiyo isipozingatiwa ibada nzima hueleweka vibaya.

Samayika ni ya kwanza katika faradhi sita za kila siku, na inayoikamilisha ni pratikramana, yaani kurejea nyuma, ambayo ni toba inayofanywa asubuhi kwa makosa ya usiku na jioni kwa makosa ya mchana. Wasioweza kila siku huifanya kila baada ya wiki mbili, kila baada ya miezi minne, au angalau mara moja kwa mwaka, siku ya mwisho ya Paryushan. Paryushan ni siku nane za mfungo zinazoangukia Agosti au Septemba, na ndicho kipindi kikuu cha mwaka kwa Wajaini wa madhehebu ya Shvetambara, ambayo watu wa Oshwal ni wafuasi wake. Wapo wanaokula mara moja tu kwa siku, wapo wanaokunywa maji yaliyochemshwa tu, tena mchana pekee, kwa siku zote nane, na wazee kwa vijana hupongezwa na jumuiya nzima wamalizapo. Siku ya nane watu huomba radhi kwa kutamka maneno Michami Dukadam, yenye maana ya kutaka ubaya uliotendwa usizae matunda, na msamaha huo huombwa kwa viumbe vyote, kisha kwa jamaa, jirani, mshirika wa biashara na mwajiriwa, kila mmoja kwa zamu yake. Kati ya mafundisho yote ya Langoni, hili ndilo linalostahili kujulikana zaidi katika mji wenye kumbukumbu za magomvi ya siasa na ya mirathi.

Nidhamu hiyo huonekana pia mezani. Nyama, samaki na mayai ni mwiko, na anayeshika sana hali mizizi wala vitunguu, kwa sababu kung'oa shina huua mmea mzima pamoja na viumbe vingi vya ardhini. Kwa hiyo muhogo wa kuchoma na viazi karai, vyakula vinavyoupa mtaa wa Mombasa harufu yake ya jioni, havimhusu, na mahali pa kiazi jikoni huwekwa ndizi mbichi. Tena hali baada ya jua kuzama, kwa kuhofia wadudu wanaovutwa na taa, na kwa kuwa Mombasa jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, mwenye duka hulazimika kupanga kazi zake kwa kulifuata jua.

Katika hekalu, muumini huchukua mchele na kuupanga juu ya kibao kwa umbo la msalaba wenye ncha zilizopindwa, alama ambayo Wanazi wa Ujerumani waliichafua machoni mwa walimwengu lakini ambayo ni kongwe kuliko wao kwa maelfu ya miaka. Mikono minne ya alama hiyo ni hali nne ambazo roho huzaliwa ndani yake, yaani ya binadamu, ya mbinguni, ya motoni, na ya wanyama na mimea. Nukta tatu za juu ni imani sahihi, ujuzi sahihi na mwenendo sahihi. Na mwezi mwandamo ulio juu ya vyote ni makao ya waliokombolewa. Huteuliwa mchele kwa sababu punje iliyokobolewa haioti tena, nayo roho iliyotakasika haizaliwi tena.

Baada ya uhuru, na hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Wajaini wengi wa Kenya walihamia Uingereza, ambako mahekalu ya Leicester na ya viunga vya London yana waumini wengi wenye asili ya Afrika Mashariki. Waliobaki waliendelea kujenga, na shule zenye jina la Oshwal zipo Nairobi na Mombasa, kama ilivyo hospitali ya Nairobi yenye jina la mfanyabiashara Meghji Pethraj Shah, mzaliwa wa Halar. Tatizo la walimu nalo lilipata nafuu mwaka 1980, pale kiongozi wa madhehebu ya Terapanthi, Acharya Tulsi, alipoanzisha India daraja la watawa wanaoruhusiwa kupanda ndege ili wakafundishe ng'ambo.

Methali inayosema Baniani mbaya kiatu chake dawa haiwatendei haki watu hawa, na njia bora ya kuirekebisha ni kuwajua. Anayetaka kulitembelea hekalu la Langoni na avue viatu, aache nje mkanda, pochi na kila kilichotengenezwa kwa ngozi, aombe idhini kabla ya kupiga picha na asiguse sanamu. Wanawake walio katika hedhi huombwa wasiingie. Walimu wa historia na waongozaji wa watalii wa Mombasa nao wanaombwa wasiishie kwenye nakshi za mlangoni, bali wawaeleze wageni na wanafunzi wao kinachofanyika ndani.