Kuiokoa Tovuti Iliyokwama Mikononi mwa Mkandarasi

Mradi wa tovuti ukikwama mikononi mwa kampuni iliyolipwa kuujenga, mwenye mradi huvutwa na njia mbili, ama kuifungulia kampuni hiyo mashtaka mara moja, ama kuitupa kazi yote na kuanza upya na kampuni nyingine. Njia zote mbili zaweza kuhitajika baadaye, lakini zikitangulizwa humpotezea muda na fedha, kwa kuwa bado hajajua kwa hakika ni sehemu ipi iliyokamilika, ipi inafanya kazi, na kazi imekwama wapi. Uokoaji wa mradi wa namna hii huanza kwa kuona, na ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika tovuti ya serikali ya Marekani, HealthCare.gov, ambayo kuporomoka kwake na kufufuliwa kwake vimeandikwa kwa kina katika kumbukumbu za umma.

Tovuti hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 ili wakazi wa majimbo 36 waitumie kununua bima ya afya. Kumbukumbu za vikao vya ndani, zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge, zinaonyesha kwamba siku ya kwanza ilipokwisha ni watu sita tu waliokuwa wamekamilisha usajili. Kampuni 55 zilikuwa na mikataba katika kazi hiyo, kubwa miongoni mwao ikiwa CGI Federal, ilhali jukumu la kuziunganisha lilibaki kwa CMS, idara inayosimamia mipango ya afya ya Medicare na Medicaid, ambayo haikuwa na uzoefu wa kuratibu mfumo wa ukubwa huo. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya Julai 2014 ilieleza kwamba gharama zilizoahidiwa kwa mfumo mkuu zilipanda kutoka dola milioni 56 mnamo Septemba 2011 hadi zaidi ya dola milioni 209 kufikia Februari 2014, na ikaitaja mipango na usimamizi hafifu wa CMS yenyewe kuwa chanzo. Jambo hili linapaswa kusemwa bila kuficha: mara nyingi mkandarasi anayeleta kazi pungufu huwa na mteja ambaye hakuwa na mtu wake wa kuikagua kazi hiyo ilipokuwa ikijengwa.

Kasoro iliyowaumiza watumiaji zaidi ilitokana na uamuzi uliofanywa dakika za mwisho, uliomtaka kila mgeni afungue akaunti kabla ya kuona bei za bima, hivyo watu wote wakalazimika kupitia kwenye mfumo mmoja wa utambulisho, mithili ya abiria wa kivuko cha Kigamboni wanaosukumana kwenye geti moja. Geti lilipopanuliwa ndipo hitilafu za ndani zilipojitokeza, zikiwemo taarifa za wateja zilizofika kwa kampuni za bima zikiwa na makosa.

Mwishoni mwa Oktoba Jeffrey Zients alikabidhiwa uongozi wa uokoaji, kampuni ya QSSI ikapewa kazi ya kuwaratibu wakandarasi wote, na wahandisi kutoka nje, akiwemo Mikey Dickerson aliyetokea Google, wakaitwa kusaidia. Walichokikuta kilikuwa mfumo usio na ubao wa vipimo, yaani skrini inayoonyesha muda wote ni maombi mangapi yanayoingia kwenye seva, mangapi yanashindwa, na kila jibu linachukua sekunde ngapi, hivyo waliokuwa wakiuendesha walipata habari za kuanguka kwake kutoka nje. Programu ya upimaji iliwekwa, na vikao vya kila siku vikaendeshwa kwa kanuni tatu za Dickerson: kikao ni cha kutatua matatizo, si cha kutupiana lawama, anayezungumza ni yule anayelijua tatizo kuliko wengine, si mwenye cheo kikubwa, na kinachojadiliwa ni kile kitakachodhuru ndani ya saa 24 hadi 48 zijazo. Kufikia tarehe 1 Desemba CMS ilitangaza kwamba zaidi ya hitilafu 400 zilikuwa zimerekebishwa, muda wa jibu ulikuwa umeshuka kutoka sekunde nane hadi chini ya sekunde moja, na maombi yanayoshindwa yalikuwa chini ya asilimia moja. Mabadiliko hayo yalifanyika ndani ya wiki chache, juu ya msimbo uleule uliokwisha kuandikwa, na sehemu kubwa ya watu walewale walioujenga waliendelea nao. CGI Federal haikuondolewa hadi mwanzoni mwa 2014, nafasi yake ilipochukuliwa na Accenture.

Kwa taasisi ndogo, iwe shule, chama cha ushirika au duka, kuna hatua moja inayotangulia hata upimaji, nayo ni kuzishika funguo. Jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika ili kuifikia tovuti, husajiliwa kupitia mawakala Tanzania, na pia Kenya chini ya msajili wake KeNIC, na si ajabu kukuta limeandikishwa kwa jina la kampuni iliyojenga tovuti badala ya mwenye tovuti. Hali huwa hivyo pia kwa akaunti ya seva, hifadhidata inayotunza kumbukumbu za wateja, hazina ya msimbo, na akaunti za kupokea malipo kwa simu. Busara ni kuvidai hivi vyote kwa maandishi, na kupata nakala kamili ya msimbo na ya hifadhidata, kabla ya barua ya kuvunja mkataba kupelekwa, kwa kuwa baada ya barua hiyo ushirikiano huzorota. Nywila zote hubadilishwa siku ileile makabidhiano yanapokamilika. Mkataba nao usomwe na mwanasheria ili ijulikane haki ya msimbo ni ya nani.

Baada ya hapo mhandisi asiye na maslahi katika zabuni ya kuendeleza kazi hupewa msimbo ausimike kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona. Ukishindwa kuwaka, kilichokabidhiwa hakijakamilika, hata kama tovuti inaonekana kupendeza kwenye skrini ya mkandarasi. Ukiwaka, huchaguliwa njia moja ambayo mtumiaji anaihitaji kuliko nyingine, kama vile kulipa ada au kuagiza bidhaa, nayo hurekebishwa hadi mwisho kabla ya nyingine kuguswa.

Kuandika upya huja mwisho, tena kwa vipande. Timu ndogo iliyofanya kazi kwenye HealthCare.gov iliitengeneza upya fomu ya maombi, ikaipunguza kutoka skrini 76 hadi 16, na msimu wa pili wa usajili ulipoanza Novemba 2014 waombaji wapya wenye hali zisizo na utata walielekezwa kwenye fomu hiyo, huku wenye hali tata wakiendelea kutumia ile ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi kando yake. Mkataba na mkandarasi mpya waweza kufuata mpangilio huohuo: kila kipande kiwekwe kwenye hazina ya msimbo ya mwenye mradi, kijaribiwe na watumiaji halisi pembeni mwa kile cha zamani, na malipo ya kipande hicho yatoke baada ya vipimo kusomwa.